Ukitoka kwenye shindano la kuimba ukaingia muziki wa klabu

Swali: Shikamoo. Nina miaka 24, naishi Morogoro. Miaka mitatu iliyopita niliingia shindano la kuimba la televisheni nikafika kumi bora, baada ya hapo kimya. Juzi didjei mmoja wa Nairobi aliyeona klipu yangu ya zamani kanitumia biti ya klabu, mapigo 126 kwa dakika, anataka niiimbie. Walionilea kwenye kwaya wanasema huko ni kuizika sauti, ule si muziki wa mwimbaji. Mimi nampenda sana Becky Hill wa Uingereza, na naambiwa naye alitokea kwenye shindano. Yeye alivukaje? Na nikikubali nitakuwa nimepanda au nimeshuka?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana kazi yangu ni kurekodi sauti za waimbaji, na waliotoka mashindanoni nimewapokea wengi. Wanaingia studio na sauti iliyokwisha kupigiwa makofi na nchi nzima, lakini hawana wimbo hata mmoja wa kwao. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, nikianzia kwa huyo uliyemtaja, kwa sababu njia yake inaonyesha vizuri kuliko maelezo yangu.

Becky Hill ametokea Bewdley, mji mdogo wa Worcestershire. Mwaka 2012 BBC ilipoanzisha shindano la The Voice UK, alikuwa miongoni mwa washiriki wa msimu ule wa kwanza. Majaji walikuwa wamempa mgongo, kama utaratibu wa kipindi ulivyo, naye akaimba "Ordinary People" ya John Legend, wimbo wa polepole unaotembea na piano. Akaingia timu ya Jessie J, mmoja wa majaji, akafika nusu fainali, akatolewa. Taji lilikwenda kwa Leanne Mitchell. Angalia sana wimbo alioanza nao, kwa sababu hakuna kitu chochote cha klabu ndani yake. Sauti ile nzito kidogo, yenye mkwaruzo kwa mbali, ilikuwa inasikika kama sauti ya kuimba soul kwenye ukumbi wenye viti.

Shindano lilimpa kile kile lilichokupa wewe: watu kuijua sura yake kwa majuma kadhaa. Kwenye mashindano haya unaimba nyimbo za wenzako, tena zile ambazo watazamaji wanazijua kwa moyo. Ukitoka, wimbo unarudi kwa mwenyewe, na wewe unabaki na sifa ya kwamba ulimwimba fulani vizuri. Ndiyo maana ukimya uliokupata baada ya kumi bora usiubebe kama kosa lako. Kipindi kikiisha kinaanza kutafuta sura za msimu ujao.

Mwaka uliofuata, 2013, sauti yake ilianza kusikika mahali ambapo pengine hata yeye hakupatarajia. Rudimental, kundi la Hackney jijini London, walimshirikisha kwenye "Powerless" ndani ya albamu yao ya kwanza. Halafu ukaja "Afterglow" wa prodyuza Wilkinson, wimbo wa drum and bass, yaani muziki wa klabu wa ngoma za kasi, ukapanda mpaka nafasi ya 8 kwenye chati ya Uingereza. Anayeimba ni Becky Hill kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kwenye jalada lilisomeka jina la Wilkinson peke yake.

Hilo la jina nitalirudia, maana ndilo zito kuliko yote. Kwanza twende kwenye sauti yenyewe, kwa sababu walimu wako wa kwaya wamelisema neno linalohitaji kujibiwa kwa heshima.

Tafuta "Afterglow", vaa hedifoni, na kwa dakika moja sikiliza ngoma tu. Zinakimbia, mapigo 170 na ushee kwa dakika. Sasa irudie, usikilize mwimbaji peke yake. Hana haraka hata kidogo. Anatembea kwa nusu ya mwendo wa ngoma, anavuta silabi, anapumua, kama mtu aliyekaa dirishani kwenye basi la mwendo kasi anatazama nje. Utamu wa wimbo uko kwenye hiyo tofauti: chini mbio, juu utulivu. Wengi wa kwetu wakisikia muziki wa kasi wanadhani mwimbaji naye lazima akimbie, pengine kwa sababu masikio yetu yamezoea singeli, ambako mghani anashindana na biti inayopita mapigo 200 na anataka kuishinda. Huo ni ustadi wa aina yake, na ninauheshimu mno, lakini ni mlango mwingine. Aliyekulia kwenye kwaya na nyimbo za taratibu anaweza kuingia kwenye muziki wa klabu bila kubadilisha mwendo wake wa ndani. Anachobadilisha ni namna ya kuitumia pumzi na nafasi.

Na wale walimu waulize kwa upole kama wanajua muziki wa house, aina ya muziki wa klabu, ulilelewa na sauti za nani. Ulianzia Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye klabu iliyoitwa Warehouse ambako Frankie Knuckles alikuwa didjei, na jina lenyewe la house linahusishwa na klabu hiyo. Sauti zilizoubeba muziki ule, na disko kabla yake, zilitoka kanisani moja kwa moja. Loleatta Holloway aliimba injili na kundi la Caravans kabla ya kuimba disko. Martha Wash naye alikulia kwenye injili. Ukisikiliza piano ya nyimbo nyingi za house, zile kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, zinazogongwa kwa nguvu kabla ya sauti kupaa, unaisikia ibada ya Jumapili ndani yake. Kwa hiyo anayesema ule si muziki wa mwimbaji amesikia ngoma tu. Hajawasikiliza waimbaji wake.

Lakini kuna jambo ambalo walimu wako wamelihisi vizuri, na sitaki nikufiche. Muziki wa klabu unamnyang'anya mwimbaji nafasi.

Turudi kwa Becky Hill. Oliver Heldens, kijana wa Uholanzi aliyekuwa na miaka 19, alikuwa ametoa biti inayoitwa "Gecko", haina maneno, na madidjei walikuwa tayari wanaipiga. Kiitikio chake ni besi yenyewe, ile inayodundadunda kama mpira wa chuma. Maana yake ni kwamba wimbo ulikuwa umekamilika kabla ya mwimbaji kuitwa. Mwaka 2014 ikatoka "Gecko (Overdrive)", yenye sauti ya Becky Hill juu yake, ikashika namba moja Uingereza, na yeye akawa mshiriki wa kwanza wa The Voice UK kuwa na singo ya namba moja. Mshindi hakufika huko, na waliomaliza mbele yake hawakufika huko.

Hebu fikiria kazi aliyopewa. Sehemu tamu zaidi ya wimbo, pale watu wanaporuka, hana neno la kusema, besi ndiyo inayosema. Yeye amepewa vyumba vya pembeni: ubeti, ile ngazi ya kupandia, na vipande vifupi vya kurudia. Anatakiwa kuwaleta watu mpaka mlangoni, awafungulie, halafu akae kando. Aliyezoea shindano, ambako noti kubwa ya mwisho ni ya mwimbaji na taa zote zinamgeukia, hilo linamuuma. Nimewaona wakishuka mabega mbele ya maiki nilipowaambia hapa hakuna noti kubwa, hapa unanyamaza.

Piga hesabu ya biti yako. Mapigo 126 kwa dakika maana yake kila pigo linachukua chini ya nusu sekunde. Baa moja, yaani mapigo manne, ni kama sekunde mbili. Kipande cha kupandishia cha baa nane kinaisha kwa kama sekunde 15. Kwenye shindano sekunde 15 unaweza kuzitumia kwenye neno moja, ukalizungusha, ukalishusha, ukalipandisha, majaji wakasimama. Kwenye biti hii, ukiwa katikati ya mbwembwe zako ngoma imekwisha ingia na kukukata.

Dada mmoja, naye wa shindano, aliwahi kuingia studio yangu akaimba ubeti wa baa kumi na sita kwa ustadi wa kutisha. Nilipoketi kuchanganya, kila noti aliyoizungusha iligongana na kitu. Besi ilikuwa pale, kofi la ngoma lilikuwa pale. Tena kwenye muziki huu mafundi hufanya ujanja mmoja: kila ngoma kubwa inapopiga, vyombo vingine vinashushwa kidogo kisha vinarudi, ndiyo maana unasikia wimbo kama unapumua. Sauti yake ya mbwembwe ikawa inatafunwatafunwa na kupumua kule. Nikakata, nikakata tena. Kilichobaki kikakaa sawa ni maneno matatu aliyoyaimba kwa kuchoka, mwishoni, akiwa ameacha kujionyesha. Tukajenga wimbo mzima juu ya hayo maneno matatu. Alilia kidogo, na nilimwelewa.

Ndiyo kazi yenyewe. Unachagua noti chache, unaziweka mahali pake, na unaziamini. Msikilize Becky Hill kwenye "Wish You Well", aliyoifanya na Sigala mwaka 2019, kisha kwenye "Remember" ya 2021. Ana uwezo wa kuzungusha sauti, tulimsikia shindanoni, lakini anaimba moja kwa moja, analibana neno na kuliachia wakati ule ule ngoma inapotaka. Nguvu anaiweka kwenye rangi ya sauti. Ule mkwaruzo ndio unaokufanya umtambue ndani ya sekunde mbili hata redio ikiwa chumba cha pili. Wewe pia una kitu kama hicho, kila mtu anacho. Kitafute kabla ya kurekodi, maana kwenye biti iliyojaa ndicho kinachokutenganisha na mashine.

Hapa Kiswahili kinakusaidia na pia kinakubana. Kinakusaidia kwa sababu karibu kila silabi yetu inaishia na irabu, na irabu ndizo zinazoimbika. Neno kama "baki" au "twende" linafunguka lenyewe mdomoni, na "a" ndefu juu ya noti ya juu inasikika hata klabu ikiwa imejaa. Kinakubana kwa sababu maneno yetu ni marefu. "Ninakupenda" ina silabi tano, na ndani ya nusu baa itakulazimu kuimba kama msoma taarifa ya habari. Andika mafupi: njoo, kaa, nishike, usiku huu, bado nipo. Nyimbo za taarab zilizotuingia damuni zinapika neno kwa mafumbo marefu, na hilo lina mahali pake. Kwenye baa nane unahitaji fumbo la maneno manne.

Sasa jina.

Kwenye muziki huu, kwa desturi, wimbo ni wa aliyetengeneza biti. Ndiye anayeupiga usiku, ndiye anayealikwa tamasha, na sura yake ndiyo iko kwenye bango. Mwimbaji anahesabiwa kama chombo kimojawapo. Desturi hii iliwahi kuumiza watu vibaya. Mwaka 1990 Martha Wash aliimba nyimbo za kundi la Black Box na kiitikio cha "Gonna Make You Sweat" ya C+C Music Factory. Nyimbo zikapanda dunia nzima. Kwenye video wakawekwa wanawake wengine, wembamba, wanafumbua mdomo kwa sauti ambayo si yao, na jina la Martha Wash halikuonekana. Akaenda mahakamani, na kesi zake zikamalizika kwa makubaliano. Zilichangia sana kuyafanya makampuni ya muziki yaanze kuandika majina ya waimbaji kama inavyopaswa. Loleatta Holloway alitendewa jambo la kufanana mwaka mmoja kabla: sauti yake kutoka wimbo wa 1980 ilikatwa na kupachikwa kwenye "Ride on Time" ya Black Box, ikakaa namba moja Uingereza kwa majuma sita.

Nawataja hao kwa sababu wakati wa Becky Hill mambo yalikuwa yamebadilika kiasi, lakini si yote. "Afterglow" ilitoka 2013, miaka zaidi ya ishirini baadaye, na bado jina la anayeimba halikuwa mbele. Kwa miaka mingi Waingereza walikuwa wanamwimba bila kumjua. Walimjua kwa nyimbo za watu wengine, madidjei na maprodyuza: MK, Matoma, Sigala, Meduza. Mwaka 2019 ikatoka "Get to Know", ambayo kwa kiasi kikubwa ni mkusanyiko wa nyimbo alizokwisha kuzifanya na wengine, na jina la mkusanyiko ule, kana kwamba ni kuwaambia watu njooni mnifahamu, linasema alikuwa wapi. Albamu yake rasmi ya kwanza, "Only Honest on the Weekend", ilitoka Agosti 2021 na kufika nafasi ya 7. Hesabu mwenyewe: kutoka The Voice mpaka albamu ya kwanza ni miaka tisa.

Ndani ya miaka hiyo tisa jambo moja dogo naliona kubwa kuliko namba moja ya "Gecko". Kwenye "Remember", wimbo aliofanya na David Guetta, didjei mkubwa kuliko karibu wote, jalada linasomeka Becky Hill kwanza, Guetta wa pili. Ukafika nafasi ya 3. Wimbo ni wake, didjei ndiye mgeni. Februari 2022 akachukua tuzo ya BRIT, tuzo za muziki za Uingereza, ya msanii bora wa dansi, na 2023 akaichukua tena. Tarehe 31 Julai 2022 akaimba Wembley siku ya fainali ya soka ya Euro ya wanawake, siku ambayo uwanja uliingiza watu zaidi ya 87,000. Hapo ndipo nafikiri alikuwa amevuka kweli. Namba moja ya 2014 ilikuwa nusu ya mto tu.

Unaweza kumlinganisha na Leona Lewis, mshindi wa 2006 wa X Factor, shindano jingine la kuimba la Uingereza, sauti kubwa kupita kiasi. Mwaka 2011 alitoa "Collide", wimbo wa klabu, ukazuka mgogoro na upande wa didjei Avicii kuhusu piano iliyomo ndani yake, wakafika mpaka mahakamani kabla ya kuafikiana na majina yote mawili kuwekwa. Wimbo ulifanya vizuri tu, nafasi ya 4. Lakini kwa masikio yangu alikuja kama mgeni rasmi: aliketi, akala, akaondoka. Jina lake lilikuwa kubwa tangu mwanzo kwa nyimbo za taratibu, na watu wa klabu hawakuwahi kumhesabu wa kwao. Becky Hill aliingia kwa mlango wa jikoni. Alihudumu kwanza, ndiyo, na ilimgharimu miaka, lakini alipotoka sebuleni kila mtu mle ndani alikuwa amekwisha kula chakula chake.

Yupo na Ella Henderson, wa X Factor ya mwaka ule ule 2012, aliyetolewa akiwa wa sita. Yeye alianza na namba moja yake mwenyewe, "Ghost", mwaka 2014, wimbo usio wa klabu. Muziki wa klabu ulikuja kumpa maisha ya pili, akifanya kazi na Sigala na Jax Jones mwaka 2019. Mwaka 2022 David Guetta akawaweka wote wawili, yeye na Becky Hill, kwenye "Crazy What Love Can Do". Wasichana wawili wa vipindi viwili tofauti vya mwaka mmoja, wakakutana kwenye wimbo mmoja miaka kumi baadaye. Nilifurahi sana siku niliyousikia.

Umeniuliza kupanda au kushuka. Nakujibu wazi: hushuki, ila unahama nyumba, na nyumba unayohamia ina mwenyewe. Ukiingia bila karatasi utaishi humo kama mpangaji asiye na risiti.

Nina kisa changu hapa, na bado kinaniuma. Miaka ya nyuma nilimrekodi mwimbaji wa kike kwa ajili ya prodyuza mmoja. Akapewa nauli na chakula, akaambiwa mengine yatafuata. Wimbo ukapendwa, ukapigwa kwenye kumbi na kwenye mabasi. Jina lake halikuwekwa popote. Alipouliza, akajibiwa kwamba yeye aliimba tu. Mimi ndiye niliyewasha maiki siku ile, na sikumwambia asaini chochote kabla ya kuimba. Tangu hapo haimbi mtu kwangu kabla ya karatasi kuandikwa, hata kama ni mtu na dada yake.

Karatasi yenyewe haina makubwa. Kuna vitu viwili vya kugawana, na watu huvichanganya. Cha kwanza ni utunzi: maneno na melodia. Biti ya didjei haina maneno. Wewe ukiandika maneno na kutunga melodia yake, umekuwa mtunzi mwenza, na mirabaha ya utunzi ni haki yako wimbo unapochezwa. Hapo ndipo waimbaji wa klabu wenye akili wanapokula. Becky Hill anaandika, haji studio kuimba alichoandikiwa tu. Cha pili ni masta, yaani ile rekodi yenyewe. Didjei atataka kuishika, ni kawaida, lakini una haki ya kuomba asilimia ndani yake au malipo ya mara moja yanayoeleweka. Pamoja na hayo uandike jina lako litasomekaje kwenye jalada na kwenye majukwaa ya kusikilizia, na kwamba sauti yako haitakatwa na kuwekwa kwenye wimbo mwingine bila wewe kukubali. Hili la mwisho watu husahau. Ukishamtumia mtu akapela yako safi, isiyo na biti, umempa ufunguo wa nyumba.

Kwa upande wetu kazi isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi na inamtambua anayetumbuiza. Kwa kuwa mwenzako yuko Nairobi, jua kwamba kule kwa miaka mingi chama cha MCSK kilishughulika na haki za watunzi, na PRISK na za watumbuizaji, kwa hiyo muulize yeye amejisajili wapi na wimbo utasajiliwa kwa majina gani.

Kuhusu biti uliyotumiwa, usirekodi leo. Iache icheze ukiwa unafanya kazi nyingine, unaosha vyombo, unapanga nguo, siku mbili tatu. Melodia inayokuja bila kuitwa ndiyo ya kuifuata. Tafuta ufunguo wa biti, yaani noti ambayo imejengwa juu yake, ujue kama noti yako ya juu iko mahali ambapo sauti yako inang'aa au inapopiga kelele. Kama haipo, mwambie aishushe nusu sauti au moja, ni kazi ya dakika chache kwake. Halafu rekodi kwa simu, ndani ya kabati la nguo ili mwangwi usikusumbue, mara tatu: mara moja kama unavyoimba kwaya, mara moja kwa nusu ya mwendo kama kwenye "Afterglow", na mara moja kwa kunong'ona karibu kabisa na simu. Usizitume zote. Sikiliza kesho yake asubuhi, na ile ambayo hukuionea haya ndiyo yako.

Na kabla hujamtumia hata sekunde moja ya sauti, mwandikie hivi, kwa adabu, ubadilishe utakavyo: "Habari kaka. Biti nimeipenda, na nimeanza kuiandikia maneno na melodia. Kabla sijakutumia, naomba tukubaliane kwa maandishi: utunzi tunagawanaje, masta ni ya nani na kwa asilimia ngapi, na jina langu litaandikwa vipi kwenye jalada. Akapela itatumika kwenye wimbo huu tu. Ukiniandikia hayo, nitakutumia demo ndani ya juma moja." Akijibu vizuri, nenda studio. Akinyamaza, melodia ni yako, iweke. Biti za mapigo 126 haziadimiki.